Mwanafunzi Nisiyeruhusiwa Kumtazama

Mlioniacha wiki iliyopita chini ya meza ya Mwalimu Evodia, nimejifunika kanga kichwa kizima, baadhi yenu mmesema nilikuwa nalia. Sikuwa nalia. Nilikuwa nimejificha.

Kwa msomaji anayenikuta leo, mimi ni Tulinagwe, mzaliwa wa Busale. Shule niliishia darasa la tano. Niliolewa Bujonde na kijana anaitwa Lameck, tukapata mtoto wa kike, Jubilate. Lameck akaenda Chunya kutafuta dhahabu, akanyamaza. Nikaja Kyela mjini kufanya kazi za ndani. Mtoto nilimwacha kwa wakwe, na si kwa kupenda. Walisema mtoto ni wa ukoo, mimi nikitaka kwenda niende.

Bosi wangu, Mwalimu Evodia, ni mtu wa Bukoba. Anafundisha watu wazima Kiingereza kwa simu. Akifundisha utapenda, ila muda haumkai kichwani. Siku moja aliwapanga wanafunzi wawili kipindi kimoja, dereva wa Arusha na mchungaji wa Njombe, wakagombana mbele yake kama watu wanaogombea kiti. Tangu hapo ratiba akanikabidhi mimi, pamoja na simu ya kazi.

Ninawakumbusha wanafunzi kwa ujumbe. Anayetaka kubadilisha siku, ninamtafutia nafasi. Kipindi kikifika ninafungua darasa, ninahakikisha sauti inasikika, halafu ninampa Mwalimu. Wanafunzi hawanijui jina. Wananiita Ofisi.

Ndani ya ratiba hiyo kulikuwa na mzee aliyejiandikisha kwa jina moja tu, Kakao. Picha yake ilikuwa tunda la kakao. Kwa miezi miwili hakuwahi kuwasha kamera. Wiki iliyopita akaiwasha kwa bahati mbaya, na uso uliotokea ulikuwa wa baba mkwe wangu.

Wasomaji wa mbali mtauliza ubaya uko wapi. Siku hizi hata Wanyakyusa wenzangu wengi wanakula meza moja na baba wakwe, wanapiga nao picha kanisani. Baba mkwe wangu ni wa zamani. Nyumbani kwake mke wa mtoto hamtazami, hasemi naye, hataji jina lake. Ndiyo maana hata hapa siliandiki. Akikohoa njiani unaingia migombani, unachuchumaa, unafunika kichwa mpaka apite.

Ukivunja, balaa linamwangukia mtoto. Mimba yangu ya kwanza ilipoharibika, mama mkwe alisema nilikuwa nimekanyaga kivuli cha mzee. Nikaonywa mbele ya ukoo. Ukirudia, unarudi kwenu mikono mitupu.

Miaka mitano niliishi kwenye ua wake, nikamjua kwa kikohozi na kwa viatu. Uso nilikuwa nauona mara ya kwanza; sauti simu ilikuwa inaibadilisha, ila kikohozi kilekile na kibanda chake nyuma yake vilinitosha kumjua.

"Tuli!" Mwalimu alisimama mlangoni na kikombe cha chai. "Unafanya nini huko chini?"

"Nimeona panya, Mwalimu."

"Panya gani wa kujifunikia kanga? Na hiyo kanga ni yangu!"

Simu ilikuwa sakafuni, imelala chali. Sauti ikatoka: "Haloo? Ofisi? Mbona naona dari tu?"

Nikashusha pumzi. Hakuwa ameniona.

"Ofisi imeona panya, baba," Mwalimu akasema akiiokota.

Baba mkwe akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Sikujua kama anaweza.

Ningemwambia Mwalimu ukweli siku ileile. Lakini namjua. Angepiga makofi, angesema, "Kumbe! Mkwe wako yupo hapa, baba, msalimie!" Watu wa kwao hawana mambo haya. Basi nikanyamaza, kama ninavyonyamaza kwa kila kitu.

Kesho yake asubuhi simu ya kazi ikalia. Ujumbe kutoka kwa Kakao, na salamu ya Kinyakyusa.

"Ofisi, ugonile. Panya amepatikana?"

Nikaigeuza simu kifudifudi juu ya meza. Nikaenda kuosha vyombo. Nikarudi. Ujumbe ulikuwa bado upo.

Tatizo langu lilikuwa hili. Kakao nilikuwa nampenda. Katika wanafunzi wote ndiye pekee aliyeniuliza kama nimekula. Mvua ikinyesha ananiandikia, "Ofisi, mtandao leo ni wa kubembeleza, nipo kwenye kibanda cha kakao, wajukuu wasinisikie wakanicheka." Alijifunza kwa siri. Wenzake walikuwa wamemchagua mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, na wanunuzi kutoka nje wakija huongea Kiingereza na vijana huku yeye mwenyekiti ameshika kofia.

Siku moja aliwahi kuniandikia, "Ofisi, wewe una wazazi?" Nikajibu baba yangu alifariki. Akaandika, "Basi nihesabu."

Sasa ningemjibu vipi? Nilijiambia kuandika si kusema. Vidole si mdomo. Nikaandika, "Ndaga, baba," yaani asante kwa kwetu, "amekimbia." Halafu nikakaa siku nzima nikisubiri simu kutoka Bujonde kwamba mtoto anaumwa.

Mtoto hakuumwa. Lililokuja lilikuwa baya zaidi.

Jumanne jioni ilikuwa zamu ya Kakao. Nilifungua darasa nimegeuza uso ukutani, nikampa Mwalimu simu, nikaenda nyuma ya pazia la jikoni kuchambua mchele. Lilikuwa somo la familia. Somo hilo mimi nalijua lote kwa kusikia, maana kila mwanafunzi analipitia. Baba, mama, mtoto, mke, mjukuu, anakuja, anaenda. Kiingereza changu kinaanzia hapo na kinaishia hapo.

"Haya, baba," Mwalimu akasema. "Nipe sentensi kuhusu mtoto wako."

Mzee akaanza kwa Kiingereza, neno moja moja, kama mtu anayevuka maji asiyojua kina chake.

Mtoto wangu wa kiume anakuja Ijumaa.

"Safi! Endelea."

Mtoto wangu ana mke mpya. Mke anatoka Karonga.

Ungo ukasimama mikononi mwangu.

"Vizuri sana! Endelea, usiogope."

Jumapili wanaenda Karonga. Wanaenda na mjukuu wangu.

Mwalimu akapiga makofi. "Hakuna kosa hata moja! Rudia zote, lakini kwa furaha, maana hizo ni habari njema."

Akarudia. Hakukuwa na furaha.

"Mbona sauti imeshuka? Hufurahi?"

Hapana, mzee akajibu kwa Kiingereza.

"Kwa nini?"

Halafu akasema kwa Kiswahili, "Mwalimu, hilo neno hatujalifikia."

"Tutalifikia," Mwalimu akasema, akaagana naye akicheka.

Mimi nilikuwa nimemwaga mchele wote.

Karonga ni Malawi. Ni ng'ambo tu ya Mto Songwe, watu wanavuka asubuhi kwenda sokoni na kurudi jioni. Lakini mtoto akichukuliwa kule na baba yake, mimi nitamfuata na nini? Sina karatasi ya ndoa. Sina ndugu kule. Nina kanga mbili na simu ya bosi.

Nikitaka kumchukua Jubilate lazima iwe kabla ya Jumapili. Na mzee akiwa nyumbani siwezi hata kuingia uani. Nitachuchumaa migombani mpaka jua lizame, na wao wananitazama.

Mzee lazima awe mbali na nyumbani. Na duniani kote kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kumwambia baba mkwe wangu wapi pa kuwa na lini, naye akatii. Mtu huyo ni Ofisi.

Nikaandika: "Baba, wiki hii Mwalimu amekuongezea kipindi. Jumamosi asubuhi."

Jibu likachelewa. "Jumamosi nina wageni, Ofisi."

"Nafasi ni hiyo tu, baba. Ukiikosa unaachwa nyuma."

Nilikuwa sijawahi kumjibu mtu mzima namna hiyo.

"Haya," akaandika. "Nitawakimbia wageni. Ofisi ikisema, mimi ni nani? Nitakuwa kibandani."

Kile kipindi cha Jumamosi kilikuwa cha Dorothea, nesi wa Songea. Alikuwa na usaili Jumatatu na alikuwa amekingoja wiki nzima. Nikamwandikia kwamba Mwalimu anaumwa. Akapiga.

"Ofisi, dada yangu, nimebadilishana zamu wodini kwa ajili ya kipindi hiki. Hata nusu hawezi?"

"Anaumwa sana, dada."

"Masikini. Mpe pole. Mwambie ninamwombea."

Pole hiyo sikuifikisha.

Jumamosi ikafika. Nilimfungulia Mwalimu darasa, nikasikia mzee anasalimia, nyuma yake maji ya mto na ndege. Yuko kibandani. Nikajifunga kanga ya kwanza niliyoishika kwenye kamba.

"Naenda kusaga mahindi, Mwalimu."

"Nenda, mwanangu. Usichelewe."

Nelson, bodaboda wa mtaani kwetu, aliniangalia mikono mitupu.

"Tuli, unaenda kusaga nini? Hewa?"

"Bujonde. Twende haraka."

"Bujonde kuna nini? Mchumba?"

"Nelson, washa pikipiki."

"Heee! Leo Tuli ana sauti!" Akawasha.

Nilimwacha barabarani, nikashuka kwa miguu katikati ya mipunga. Uani pikipiki mpya ilikuwa imeegeshwa chini ya mnazi. Mama mkwe alikuwa anageuza kakao kwenye mkeka. Lameck amekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya mguu, kama mgeni rasmi. Pembeni yake mwanamke mweupe mnene kiasi anamenya ndizi, na Jubilate ameegemea paja lake, amevaa gauni jipya.

"Ooo! Ofisa wa mjini," Lameck akasema. "Umekuja kunipokea?"

"Nimekuja kumwona mtoto."

"Umeshamwona," mama mkwe akadakia bila kuinua macho. "Ana afya. Rudi ukafue nguo za watu. Na shukuru Mungu mzee yuko mtoni, kaenda kukagua kakao yake."

Yule mwanamke akaacha kisu. Alinitazama tangu miguuni hadi kichwani.

"Huyu nani?"

"Mama yake Jubi," nikasema.

"Lameck!" Akamgeukia. "Si ulisema mama yake alikufa?"

"Kwangu mimi alikufa."

"Sikukuuliza kwako wewe. Nimekuuliza amekufa hajafa? Mimi Marta nimeacha biashara yangu Karonga nije kulea yatima, kumbe yatima ana mama anatembea!"

"Marta, tuliza mdomo, watu wanasikia."

"Wasikie!"

Niliona kama mlango unanifungukia. Huyu mwanamke hakuwa adui yangu. Nikasogea, nikanyoosha mkono. Jubilate aliutazama kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo, halafu akaushika.

"Mama," akasema.

Hapo ndipo ningegeuka nikimbie. Nelson alikuwa pale juu. Mipunga ile ni hatua chache tu. Lakini kutoka njia ya mtoni nikasikia sauti inakuja, inasema Kiingereza kwa nguvu.

Hii ni migomba yangu. Hii ni nyumba yangu.

Baada ya somo la familia linafuata somo la nyumbani. Mwalimu anamwambia mwanafunzi awashe kamera, azunguke na simu, amtajie kila kitu na kila mtu aliyepo. Nimelisikia mara nyingi kuliko somo lingine lolote. Dereva wa Arusha alimwonyesha hadi kuku. Mimi niliyepanga ratiba niliangalia siku. Sikuangalia somo.

Nikaachia mkono wa mwanangu. Nikaingia kwenye migomba, nikachuchumaa, nikafunika kichwa.

"Kimya wote," mzee akanong'ona kwa Kiswahili. "Nipo kwenye simu ya kikundi." Halafu kwa Kiingereza: Huyu ni mke wangu.

"Hujambo, mama!" Sauti ya Mwalimu Evodia ikajaa uani.

Mama mkwe alikuwa ameshika kakao mkononi, mdomo wazi.

Huyu ni mtoto wangu. Huyu ni mke mpya. Huyu ni mjukuu wangu.

"Vizuri mno! Mjukuu mzuri! Na yule pale kwenye migomba, yule aliyejifunika, ni nani? Mtaje naye."

Viatu vikasimama. Nilivijua viatu vile.

"Huyo hatajwi, Mwalimu," akasema kwa Kiswahili, taratibu.

"Kwa nini hatajwi? Ngoja... baba, sogeza simu. Sogeza. Hiyo kanga ni yangu! Tuli? Tuli, si ulikwenda kusaga?"

"Unamjua?" mzee akauliza.

"Nimjue mara ngapi? Ninaishi naye! Baba Kakao, huyo ndiye Ofisi. Anayekuandikia kila siku ni huyo."

Sikuona uso wake. Niliona viatu tu. Kimoja kilirudi nyuma kidogo, halafu kikasimama tena.

Mama mkwe alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Ameongea na wewe? Miezi yote hiyo? Ndiyo maana nyumba hii haina amani! Ndiyo maana!"

"Umejimaliza mwenyewe, Tulinagwe," Lameck akasema. Alikuwa ameinuka kwenye kiti. "Mashahidi wote wapo. Sasa mtoto humwoni tena, na mtu asinilaumu."

"Nyamazeni," mzee akasema.

Wakanyamaza.

"Ofisi." Aliita taratibu, kama anayeuliza kama kuna mtu ndani. "Ofisi, Jumamosi hii ulinipangia wewe au Mwalimu?"

Miaka mitano. Hakuwahi kuniuliza kitu.

"Usimjibu!" mama mkwe akapiga kelele. "Ukimjibu umemuua mtoto!"

"Simuulizi mkwe wangu," mzee akasema. "Mkwe wangu simjui. Namuuliza Ofisi, mtu ninayemjua. Ulinitoa nyumbani kwangu ili ufanye nini?"

Nilitaka kuwa na simu nimwandikie. Simu ilikuwa Kyela, mikononi mwa Mwalimu. Nilikuwa na mdomo tu.

Nikainua kichwa. Kanga ikaanguka. Nikamtazama baba mkwe wangu usoni, naye akanitazama. Ana macho ya Jubilate.

"Nimekuja kumchukua mwanangu, baba," nikasema.

Mama mkwe akatupa kakao chini, akashika kichwa, akapiga yowe la msiba. Yowe lile huku kwetu halipigwi bure. Majirani wakaanza kutoka mashambani, wanakimbia, wanauliza nani amekufa. Watu wakajaa kati yangu na nyumba. Mmoja akanishika bega, mwingine akanivuta kanga. Mwalimu alikuwa anaita kwenye simu, "Tuli? Tuli, kuna nini huko?"

Katikati ya kelele zile nikasikia pikipiki inawaka.

"Lameck!" Marta akapaza sauti. "Na mimi je? Lameck!"

Nikapenya kwenye watu. Kiti cha plastiki kilikuwa tupu. Chini ya mnazi hakukuwa na pikipiki. Juu barabarani vumbi lilikuwa linapanda, na mbele ya Lameck niliona kipande cha gauni jipya la Jubilate. Alipita pembeni ya Nelson bila kupunguza mwendo, akashika njia ya Katumba Songwe, kwenye mto wa kuvukia Malawi.

Niligeuka kwa baba mkwe. Sauti moja tu ya mzee yule, neno moja kwa vijana wa majirani, na watu wote wangemkimbiza Lameck kwa baiskeli na kwa miguu, wangemzuia kabla hajavuka. Wanamwogopa.

Alikuwa bado ananitazama, simu mkononi, Mwalimu anaita ndani yake. Mimi nilikuwa nimeshasema langu. Ilikuwa zamu yake kusema, na hakusema.